Shule Mbili, Kiwanja Kimoja: Nani Mrithi wa Shule ya Kati ya Temeke?

Shule moja ya msingi ya serikali huko Temeke inajiandaa kusherehekea miaka 50 mwaka 2027. Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu kuna jiwe la msingi lenye mwaka 1977, na kamati ya shule ilipopiga hesabu haikuona cha kujadili. Kadi za michango zilikuwa karibu kupelekwa kuchapwa ndipo wazee watatu wa mtaani walipokwenda kumwona mwalimu mkuu. Wote watatu walisoma kwenye kiwanja kile kabla ya Uhuru. Waliandikishwa darasa la tano, wakamalizia la nane. Mmoja alibeba cheti chake ndani ya bahasha ya kaki, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka, na akaomba aelezwe kwa upole: kama shule ilizaliwa 1977, yeye alisoma wapi?

Habari zikavuka ukuta. Upande wa pili wa kiwanja kuna shule nyingine ya msingi, iliyomegwa kutoka hiyo ya kwanza baada ya wanafunzi kufurika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwalimu mkuu wa huko naye akauliza swali la haki kabisa. Kama tunakubaliana kwamba shule ni ya tangu ukoloni, basi majengo ya ukoloni yako kwetu. Kwa nini sherehe iwe yenu peke yenu?

Kamati zote mbili ziliniomba nisaidie kuchambua jambo hili, kwa kuwa nimefundisha historia miaka mingi na Temeke ndiko nilikozaliwa. Majina ya shule nayaacha. Mvutano haujapoa, na yaliyotokea pale yametokea kwenye viwanja vingi vya shule jijini Dar es Salaam.

Wazee walisoma shule gani?

Mtoto wa leo anajua kuna msingi na sekondari. Hajui kwamba katikati palikuwa na shule nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipanga elimu ya Waafrika wa Tanganyika kwa ngazi tatu za miaka minne minne: shule ya msingi darasa la 1 hadi la 4, shule ya kati la 5 hadi la 8, na sekondari la 9 hadi la 12. Kila ngazi ilifungwa kwa mtihani, na kila mtihani ulikuwa mchujo. Waliovuka la nne walikuwa wachache, na waliovuka la nane wakawa wachache zaidi. Mpango huo ulihusu Waafrika peke yao. Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia walikuwa na zao, na fedha aliyotengewa mtoto mmoja ilitegemea rangi yake.

Jiji nalo lilikatwa hivyohivyo. Oysterbay ilikuwa ya Wazungu, Uhindini ya Waasia, Kariakoo na Ilala za Waafrika. Watu walipozidi kumiminika mjini, vikafunguliwa vitongoji vipya vya Waafrika: Magomeni, Temeke, Kinondoni. Temeke ilipokea wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa viwanda vilivyokuwa vikichipuka kando ya Pugu Road, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Watu hao walikuwa na watoto, na watoto waliofaulu la nne walihitaji pa kwenda. Shule ya kati ya Temeke ilizaliwa kutokana na haja hiyo, katika miaka ya 1950.

Ni vizuri kuelewa aliyemaliza pale alitoka na nini. Leo darasa la nane linasikika kama elimu ndogo. Wakati ule lilitosha kumfanya mtu karani, au kumpeleka chuo cha ualimu akarudi kufundisha wenzake. Madarasa ya juu ya shule ya kati yalisomeshwa kwa Kiingereza, na mzee wa bahasha ya kaki mpaka leo anasoma barua za benki za jirani zake wote. Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 watu wa namna yake ndio waliojaza ofisi ndogondogo za serikali, zahanati na madarasa ya vijijini. Kusema shule ilianza 1977 ni kuwafuta hao.

Lakini je, shule ya kati na shule ya msingi ya leo ni shule moja? Hapo ndipo penye kazi. Mtu anaweza kudai kwamba shule ya kati ilikufa na mfumo wake, na juu ya kaburi lake pakajengwa shule nyingine.

Historia ya nchi haiungi mkono dai hilo. Kuanzia Januari 1962 serikali mpya iliunganisha shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi kuwa mfumo mmoja. Shule za kati hazikufungwa. Ziliunganishwa na madarasa ya chini zikawa shule za msingi kamili, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 darasa la nane likawa linaondolewa hatua kwa hatua, mpaka shule ya msingi ikabaki ya miaka 7. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia kuanzia la kwanza mpaka la saba. Kwa hiyo shule ya Temeke iliongezewa watoto wadogo kwa chini na ikapunguziwa darasa kwa juu. Walimu walikuwa walewale, na kengele ileile.

Hayo ni maelezo ya jumla ambayo mtu angeweza kuyasema kuhusu shule yoyote. Kamati ilitaka ushahidi wa shule hii.

Kitabu cha uandikishaji

Ushahidi ulikuwa stoo, chini ya maboksi ya vitabu vya kiada vilivyopitwa na wakati. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, rangi ya kijani iliyochujuka, uti wake umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Mchwa wamekula pembe moja tangu jalada mpaka karibu katikati. Kila ukurasa una mistari ya wino na safu zilezile: namba ya uandikishaji, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi, kazi ya mzazi, shule alikotoka, tarehe ya kuingia, tarehe ya kuondoka, sababu ya kuondoka.

Kurasa za kwanza zimeliwa vibaya, mwaka wenyewe wa kuanza hausomeki. Zinazofuata zinasomeka, na wanafunzi wote wanaingia darasa la tano. Safu ya shule alikotoka imejaa majina ya shule za chini za mjini na za vijiji vya Pwani. Halafu, baada ya Uhuru, ghafla wanaanza kuonekana watoto wa miaka saba na minane, darasa la kwanza, na safu hiyo haina kitu kwa sababu hawajatoka popote. Hapa ndipo nilipotulia muda mrefu. Namba ya uandikishaji haikuanza upya. Mtoto wa kwanza wa darasa la kwanza amepewa namba inayofuata ile ya mtoto wa mwisho wa darasa la tano. Kilichobadilika ni rangi ya wino tu. Mwalimu mkuu wa wakati ule, kwa mkono wake, aliamua kwamba shule ni ileile.

Nikaenda moja kwa moja kwenye 1977. Huko nako namba zinaendelea. Hakuna ukurasa mpya, hakuna kichwa kipya. Kinachoonekana ni kasi: kurasa zilizokuwa zikichukua mwaka mzima kujaa zinajaa kwa wiki. Mwandiko unakuwa wa haraka. Kwenye kurasa za shule ya kati jina la msichana unalitafuta kwa kidole, na kwenye kurasa za 1977 na 1978 unakutana nalo karibu kila mstari wa pili.

Kwa mtu wa Temeke safu ya kazi ya mzazi inatosha kumkalisha stoo mchana mzima. Mwanzoni ni kuli, dobi, mpishi, boi, seremala, mvuvi, fundi cherehani, karani mmojammoja. Katika miaka ya 1970 inaingia TAZARA, reli ya kwenda Zambia, tena na tena, na neno kiwandani bila kutaja kiwanda. Mbele zaidi kazi zenyewe zinaanza kupotea: amepunguzwa, mkulima, biashara ndogondogo. Kitabu cha mwisho kinachofanana na hiki kina mama lishe na bodaboda. Hakuna aliyekusudia kuandika historia ya uchumi wa Temeke, lakini imeandikwa, mstari kwa mstari, na walimu waliokuwa na haraka ya kuingia darasani.

Safu ya mwisho inauma zaidi. Sababu ya kuondoka: amehama, utoro, amefariki, ameolewa. Na kwenye kurasa za zamani, ada. Sababu hiyo inatoweka baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 1973, inarudi katikati ya miaka ya 1980 wazazi walipoanza kudaiwa mchango wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kisha inapotea tena baada ya 2001. Mzee mmoja alipoonyeshwa mstari wa mdogo wake, ameondoka darasa la sita, ada, alivua miwani, akaniambia ndiyo, alikwenda kubeba mizigo bandarini.

Jiwe la msingi linasema ukweli gani?

Sikutaka wajumbe wa kamati waone jiwe lao limedharauliwa, maana waliolijenga hawastahili dharau. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Serikali haikuwa na fedha za kujenga madarasa ya watoto wote hao. Wananchi ndio waliojenga. Pale Temeke wazazi walifyatua matofali Jumapili, wengine wakatoa bati, na wasio na kitu wakatoa nguvu zao. Walimu nao hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Wengi wanawabeza walimu wa UPE mpaka leo. Nawaheshimu. Mama yangu alijifunza kusoma saa kwa mmoja wao.

Kwa hiyo 1977 ni mwaka wa jengo, na ni mwaka ambao mlango wa shule ile ulifunguliwa kwa kila mtoto wa mtaa. Ni tukio kubwa kuliko kufunguliwa kwa shule ya kati, ambayo mtoto mmoja aliingia na majirani zake kadhaa wakabaki nje. Linastahili sherehe kwa jina lake lenyewe. Shule ilikuwapo tayari.

Kilichofanya watu wasahau ni kupotea kwa karatasi, na kupotea huko kuna sababu zinazojulikana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, Tume ikashika hatamu mpaka 2000, kisha zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Kila mabadiliko yalimaanisha ofisi kuhama, na kila ofisi iliyohama ilipakia mafaili kwenye gari na kuacha mengine nyuma. Ya Idara ya Elimu ya kikoloni yaliyonusurika yako Nyaraka za Taifa, Upanga, na yeyote mwenye barua ya utambulisho anaweza kwenda kuyaomba. Ya shule mojamoja mara nyingi hayakufika huko. Ndiyo maana kitabu kile cha stoo kina uzito kuliko jiwe, na kuliko kumbukumbu za wazee, na kuliko maneno yangu.

Ukuta katikati

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ilikuwa imefutwa na watoto waliokaa nyumbani miaka kadhaa wakaja pamoja na waliofikisha umri. Mlundikano uliofuata kila aliyefundisha Dar wakati ule anaukumbuka: watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa chini, zamu ya asubuhi na ya mchana. Njia iliyotumika sana mjini ilikuwa kuimega shule. Kiwanja kilekile kinapata mwalimu mkuu wa pili, kamati ya pili na akaunti ya pili. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wimbi likaja tena, na shule nyingi zikamegwa kwa mara nyingine.

Pale Temeke mpaka ulipigwa kwa kuangalia idadi ya vyumba. Hakuna aliyeangalia umri wa vyumba. Majengo ya UPE, ofisi na jiwe vikabaki kwa shule mama. Jengo la shule ya kati likaangukia kwa shule changa. Ukilitazama hutalifananisha na mengine: kuta nene, baraza refu, madirisha mapana ya mbao yanayopitisha upepo hata saa nane mchana. Juu ya mlango wa chumba cha mwisho, chini ya rangi mpya ya buluu, bado unaona namba VIII ya Kirumi imevimba kidogo ukutani. Siku hizi ni chumba cha darasa la awali.

Shule changa, basi, ina jengo kongwe kuliko yote na haina karatasi. Shule mama ina karatasi na haina jengo. Kwenye kitabu cha uandikishaji siku ya mgawanyo inaonekana wazi: kurasa kadhaa mfululizo, tarehe moja, mwandiko mmoja, sababu ya kuondoka amehamishwa, kisha alama za vilevile, vilevile, vilevile mpaka chini. Watoto hao hawakuhama. Asubuhi iliyofuata walikaa kwenye madawati yaleyale.

Mjumbe mmoja wa kamati ya shule mama alileta hoja ya sheria, na ni hoja nzito. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kila shule inasajiliwa kwa namba yake. Shule ya jirani ilipata usajili wake baada ya kumegwa, kwa hiyo kisheria umri wake unaanzia hapo, na haiwezi kudai miaka ambayo haikuwapo. Upande wa pili nao ulikuwa na hofu yao, kwamba wakikubali sherehe ya pamoja watageuzwa tawi, na wageni wakija na misaada itaishia kwa wenye jiwe.

Msimamo wangu niliwaambia kamati zote mbili zikiwa zimekaa chumba kimoja. Usajili unatuambia nani anawajibika kwa walimu, fedha na watoto leo. Hauwezi kutuambia mtoto wa mwaka 1958 ni mtoto wa nani. Yule ni mwanafunzi wa kiwanja kizima, na shule zote mbili ni warithi wake sawasawa. Sherehe ya 2027 iitwe kwa jina lake halisi, miaka 50 ya UPE, na iwe ya shule zote mbili, kwa sababu wazazi waliofyatua matofali hawakujua kutakuwa na ukuta. Historia itakayoandikwa kwa ajili ya siku hiyo ianzie shule ya kati. Umri wa shule wasiuandike kwa namba mpaka mwaka uliokatwa na mchwa upatikane kwingine. Waandike miaka ya 1950, inatosha.

Kuna jambo jingine linaloufanya 2027 uwe mwaka wa kipekee kwa kiwanja hiki. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka 10, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6. Waliokuwa darasa la tatu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2024 watamalizia la sita mwaka 2027, sambamba na la saba la mwisho. Shule iliyoanza na la tano hadi la nane, ikapoteza la nane, sasa inaliaga la saba. Nimewashauri walimu wawaandike wanafunzi hao wote kwa majina kamili, na wazee wa darasa la nane wakae nao meza moja siku hiyo.

Kuhusu kitabu chenyewe, vijana wa mtaani walitaka kupiga picha kurasa na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Niliwaomba sana wasifanye hivyo, na mwalimu mkuu akakataza rasmi. Mle kuna vifo, utoro, wasichana walioozwa, wazazi walioshindwa ada, na wengi wa wanaotajwa wako hai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Anayetaka kumtafuta mzazi wake aje ofisini, aonyeshwe mstari wake.

Mpaka naandika, kamati zimekubaliana mambo mawili na moja limebaki. Nakala ya kitabu itatolewa kwa mashine, moja ikae shule mama na nyingine shule changa, halafu kitabu halisi kiombewe nafasi Nyaraka za Taifa kabla mchwa hawajamaliza pembe ya pili. Fundi hatagusa tena ukuta wa chumba chenye namba VIII bila kamati zote mbili kujua. Lililobaki ni kibao cha pili cha kuweka karibu na jiwe la 1977. Shule mama inataka kiwekwe ofisini, shule changa inataka kiwekwe kwenye baraza la jengo la zamani. Mimi nimesema barazani, na kikao kijacho ndicho kitakachoamua.